Taa za Asubuhi

Watu wengi wakipita mbele ya yadi ya magari huona magari. Daktari aliona wodi. Wagonjwa walikuwa wamepangwa safu kwa safu nyuma ya uzio wa waya, wameoshwa, matairi yamepakwa mafuta, viti vimevishwa nailoni. Lakini macho yao, maskini, yalikuwa ya njano tupu. Taa za mbele zilikuwa zimepauka na kufunga ukungu, nyingine zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Daktari alisimama, akaushusha chini mkoba wake mweusi, akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ila alikuwa akijihurumia yeye mwenyewe, kwa kuchelewa kuiona yadi hiyo.

Tumseme kidogo kabla hajaingia, maana akishaingia hatatuachia nafasi ya kusema. Hakuwa daktari. Hata zahanati alikuwa akiingia kwa kusindikizwa, kwa sababu aliogopa sindano. Jina hilo alijibandika mwenyewe, akalitamka kwa kujiamini, na watu wakaliokota. Kazi yake ilikuwa kuzirudishia taa za plastiki mng'ao wake. Kazi hiyo ipo, na wapo wanaoifanya kwa haki. Unachukua msasa na ndoo ya maji, unaisugua taa, kwanza kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka lile ganda lililochomwa na jua litoke lote. Halafu unang'arisha kwa polishi, na juu yake unapuliza vanishi ya kukinga jua. Vidole vinachubuka, mgongo unalalamika, na jozi moja ya taa inaweza kukumalizia nusu siku. Daktari aliijua njia hiyo vizuri. Aliiheshimu sana, na alikaa nayo mbali kama mtu anavyokaa mbali na mama mkwe.

Yeye alikuwa na njia ya mkato, nayo ilikuwa ndani ya chupa. Mafuta ya kupikia kidogo, mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu kwa wingi, na matone ya manukato ili mbu wasitajwe. Ukipaka kwa kitambaa, ukungu unayeyuka na taa inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Itang'aa hivyo mpaka jua la mchana liikalie sawasawa, au mvua inyeshe, au mwenye gari afanye kosa la kuliosha. Hapo njano inarudi nyumbani kwake, tena inakuja na vumbi. Kufikia saa hiyo Daktari huwa yuko mtaa mwingine, anatibu.

Sasa, siku hiyo hakuwa anatafuta pesa. Alitafuta gari, na alilitafuta kwa roho ngumu, kwa sababu mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi.

Walikuwa wawili tu, wamelelewa na shangazi yao baada ya wazazi kufariki. Mdogo mtu alikuwa fundi cherehani, mpole, mwenye kauli chache. Kaka mtu ndiye aliyechukua kauli zote za familia. Alikuwa amemwahidi mdogo wake cherehani ya umeme, haikuja. Alimwahidi kibanda cha kushonea chenye kioo, mpaka leo kioo kinatengenezwa. Na siku ya kukutana na wakwe, alipoona wale wa upande wa pili wamekaa kwa kujishaua, ulimi ulimtoka mbio kabla ya akili: akasimama, akashika kola, akatangaza kwamba bibi harusi ataingia ukumbini kwa gari la kaka yake.

Wakwe walipiga makofi. Shangazi alifumba macho. Baadaye, wakati wa kukusanya vikombe, mdogo wake alimwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, usiniahidi kitu. Wewe njoo tu."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Maneno hayo yalimkaa Daktari kifuani kama tonge lisilotaka kushuka, kwa sababu alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote, na alijua kwamba huyo ndiye mtu pekee ambaye yeye hakuwahi kumdanganya kwa makusudi. Alikuwa akimdanganya kwa bahati mbaya. Safari hii, aliapa, gari litakuja.

Ndiyo maana alikuwa pale kwenye uzio. Kupitia dirisha la ofisi alisikia sauti ya mwanamke ikipigana na simu.

"Tajiri, magari ni mazima! ... Taa? Wewe unanunua taa au unanunua gari? ... Sawa, sawa. Njoo Jumamosi asubuhi uyaone tena. ... Zitakuwa safi. Nimesema zitakuwa safi!"

Daktari aliokota mkoba wake. Bahati ikibisha hodi, yeye huwa ameshafungua mlango kitambo.

Mwenye yadi aliitwa Mama Magari. Alikuwa mama wa makamo, mwili umejaa, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na ana jicho la kumpima mtu kama anavyopima tairi lililotumika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama unauza soksi, soksi ninazo."

"Siuzi kitu, Mama. Nilikuwa napita tu, nikaona dhambi kunyamaza. Una magari mazuri, lakini yanaumwa macho."

"Na wewe ni nani?"

"Daktari," alisema Daktari, kwa unyenyekevu uliomgharimu miaka kuutengeneza.

Alimwongoza mpaka kwenye gari dogo la kijivu karibu na lango. Akavaa glavu nyeupe, kwa sababu glavu ni nusu ya tiba. Akaifuta taa vumbi, akaitazama kwa karibu, akagonga kwa kucha, akasikiliza. Kisha akafungua chupa, akaloanisha kitambaa, na akaanza kupaka kwa mizunguko midogo huku akihubiri.

"Gari ni macho, Mama. Mnunuzi hajui injini, hajui gia. Anajua macho. Na ana haki! Mtu aliyetunza taa, jua ametunza injini, ametunza gia, ametunza kila kitu. Taa hazisemi uongo."

"Taa hazisemi uongo," alirudia Mama Magari polepole, kama mwanafunzi anayekariri.

Ukungu ukatoweka. Taa ikawa wazi mpaka ungeweza kuona balbu ndani na buibui aliyefia hapo zamani. Mama Magari alivaa miwani, akainama, akaivua, akaivaa tena. Mdomo ulimbaki wazi, na Daktari, ambaye ameona midomo mingi wazi, aliuhesabu huo kuwa miongoni mwa mizuri.

"Yote haya unaweza?"

"Yadi nzima."

"Bei gani?"

"Mama," alisema Daktari akivua glavu kidole kimoja kimoja, "mimi na wewe tusitajiane bei kama watu wa sokoni. Nina mdogo wangu anaolewa. Nipe gari moja, lolote linalotembea, na mimi nakutibia hayo mengine yote."

Mama Magari alicheka mpaka mnyororo wa miwani ukalia. Kisha jicho lake likasafiri mpaka nyuma kabisa ya yadi, likakaa huko kidogo, likarudi.

"Niachie nifikirie. Njoo Ijumaa jioni. Hii taa uliyotengeneza naiacha nione inakaaje."

Hapo ndipo mjanja wa kawaida angetoka jasho. Daktari hakutoka.

"Uiache, lakini uifunike. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa operesheni hapigwi jua. Dawa inatakiwa iingie."

"Nitaifunika," alisema Mama Magari kwa utiifu, akavua mtandio wake mwenyewe na kuufunga kwenye taa kama bandeji. Daktari aliondoka akiwa na uchungu kidogo moyoni. Ilikuwa rahisi mno, na yeye alipenda kazi yenye jasho.

Ijumaa jioni jua lilikuwa limeshalegea aliporudi. Mama Magari alikuwa amekaa nje ya ofisi, mikono ameikunja kwapani. Taa ya lile gari la kijivu bado ilikuwa na mtandio wake.

"Nimekubali," alisema bila salamu ndefu. "Mteja wangu, mwenye teksi, anakuja kesho asubuhi. Nataka asubuhi zing'ae."

"Asubuhi zitang'aa, Mama. Naapa."

Alifurahi jinsi kiapo kilivyomtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuapa jambo la kweli.

"Na mimi gari litatembea?" aliuliza.

"Asubuhi litatembea. Naapa," alisema Mama Magari, naye akionekana kuridhika na kiapo chake.

Kule nyuma ya yadi, chini ya paa la mabati, kulikuwa na magari matatu. Mawili yalikuwa na taa za njano. La tatu, jeupe, pana, lenye viti vya kitambaa cha bluu, lilikuwa na taa safi kabisa. Daktari alisita. Mtu wa kazi hii haoni taa safi akafurahi. Huona taa safi akashuku. Alichuchumaa, akalamba kidole gumba, akakisugua kwenye taa kwa nguvu. Akakitazama kidole. Kikavu. Akanusa. Hakuna kitu. Akapumulia taa, pumzi ikakaa, ikaondoka sawasawa kama kwenye kioo. Akasugua tena, safari hii kwa pindo la shati. Taa ilibaki vilevile, ngumu, baridi, na ya kweli.

Ndugu msomaji, kuna hatari nyingi mjini, lakini hakuna inayoshinda ya mtu kuyaamini mahubiri yake mwenyewe. Mtu aliyetunza taa, Daktari aliwaza, ametunza kila kitu. Alifungua boneti kwa ajili ya heshima, akachungulia kama watu wanavyochungulia kisima, akaifunga. Akawasha injini, ikawaka mara moja. Akazunguka yadi mzunguko mmoja kwa mwendo wa maringo, gia zikijibadilisha zenyewe laini kama siagi, akarudi akishindwa kuficha meno.

"Hili."

"Hilo?" Mama Magari alifanya kama anaumia. "Hilo nilikuwa nimelipenda mwenyewe."

"Mama, makubaliano ni makubaliano."

"Haya. Chukua ufunguo. Lakini tuelewane: ukitoka, umetoka. Mimi sitakuuliza habari za taa, na wewe hutaniuliza habari za gari."

Sharti hilo Daktari angeliandika kwa wino wa dhahabu. Alipaka yadi nzima mpaka giza lilipoingia, akaeleza umuhimu wa kutozigusa taa, akaondoka na gari lake jeupe akiimba. Nyumbani hapakuwa mbali. Gari halikupata hata muda wa kupata joto.

Kesho yake, Jumamosi, alilifunga tepe nyekundu na maua ya karatasi kwenye pua yote ya gari, kwa sababu huko mbele ndiko kulikokuwa na taa, na taa alizionea fahari. Aliwasili kwa shangazi wakati jua linapanda, akapiga honi kama mtu mwenye hasira. Majirani walitoka. Shangazi alitoka, akazunguka gari mara mbili akilitafuta kasoro.

"La nani?"

"Langu, Shangazi."

"Nimekuuliza la nani."

"Langu!"

Mdogo wake alitokea mlangoni akiwa ndani ya gauni aliloshona kwa mikono yake mwenyewe, ameliinua mbele lisiguse vumbi. Aliliangalia gari, akamwangalia kaka yake, akaliangalia tena gari. Alinyoosha mkono tu, akaweka kiganja juu ya mlango, kama anataka kuhakikisha hautapotea. Macho yalimjaa machozi.

"Kaka, umekuja kweli," alisema.

Daktari alijifanya anakagua tairi. Kulikuwa na kitu kimemwingia jichoni, na hakuwa na dawa yake.

Ukumbi ulikuwa mwendo mfupi tu. Wangefika kabla injini haijajua kama imewashwa. Lakini Shangazi, aliyekaa kiti cha mbele na mkoba mapajani, hakuwa amepanda gari la familia yake tangu azaliwe, na hakuwa tayari safari iishe hivyo.

"Pita kwa yule mwanamke wa duka la vitambaa," aliamuru.

Wakapita. Daktari alipiga honi.

"Pita na kule kwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Polepole. Zaidi. Nimesema polepole, anitambue!"

Wakapita. Kisha wakapita kwa jirani wa zamani aliyewahi kusema kwamba nyumba hiyo haitaona gari, kisha kwa binti yake, ili habari zisipotoshwe. Ilikuwa mchana, foleni imeshikana, jua limekaa katikati ya bati la gari. Shangazi alipoona hakuna tena adui aliyebaki, akaruhusu waende harusini.

Walikuwa wanauona ukumbi, upo mwisho wa barabara, watu wamesimama nje, wapiga picha wameelekeza kamera. Daktari alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, na gari halikwenda. Akakanyaga zaidi. Likanguruma zaidi, kwa moyo wote, na likabaki pale pale.

"Mbona linapiga kelele tu na haliendi?" aliuliza Shangazi. "Limekuwa kama wewe."

Alijaribu tena. Akazima, akawasha, akavuta gia huku, akarudisha kule, akasema maneno mazuri, akasema mabaya. Alipoweka gia ya nyuma, gari likaruka kinyume kwa furaha kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akalirudisha mbele. Likanguruma tu. Hapo jasho lilianza kumtoka Daktari kwenye kisogo, na ndani ya jasho hilo kulikuwa na mwanga: asubuhi litatembea, naapa. Alikumbuka sauti yenyewe, na jinsi mama yule alivyokuwa ameridhika.

Aligeuka nyuma polepole. Mdogo wake alikuwa amezungukwa na gauni mpaka shingoni, anamtazama.

"Mdogo wangu," alisema, "nimetapeliwa."

Alitegemea machozi. Alijua anayastahili. Cherehani ya umeme, kibanda chenye kioo, na sasa hili, mbele ya wakwe wote. Alitamani barabara imfunike. Lakini bibi harusi aliangalia dari ya gari, akabana midomo, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka cha kuvunja mbavu.

"Wewe? Wamekutapeli wewe?"

"Siyo jambo la kucheka!"

"Kaka, ni la kucheka." Alijifuta machozi kwa kidole, kwa uangalifu, asiharibu wanja. "Nyuma linakwenda?"

"Nyuma linakwenda."

"Basi ligeuze, twende kinyumenyume. Nilikwambia uje tu, sikukwambia uje umeelekea wapi."

Wapita njia walisaidia kusukuma pua mpaka buti likatazama ukumbini. Daktari alishika usukani kwa mkono mmoja, akaweka mwingine nyuma ya kiti cha Shangazi, akageuza shingo, na akaanza kumpeleka mdogo wake kwenye ndoa kinyumenyume.

Wageni waliona buti tupu likija, bila tepe wala ua. Maua yote na taa zote safi za Daktari zilikuwa zinatazama kule walikotoka. Wapiga picha walikimbia upande huu, wakakimbia upande ule. Mjomba wa bwana harusi aliuliza kwa sauti kama hawa watu wanakuja au wanaondoka. Gari liliposimama mlangoni kabisa, Shangazi alishusha kioo, akatoa kichwa chenye kilemba, akawatazama wote kwa madaha.

"Kwetu," alitangaza, "bibi harusi wa heshima haingii kwa pupa."

Vigelegele vililipuka. Nasikia wapo walioiga.

Daktari alikula keki bila kuionja. Mdogo wake alipita mezani kwake kabla ya kuondoka na mumewe, akamwinamia sikioni. "Jumamosi ijayo nakuja kumsalimia Shangazi. Uje unichukue. Safari hii tutangulize taa." Akambusu shavuni, akaenda. Daktari alijikuta ameahidi tena, na alipoahidi alishikwa na woga asioujua, kwa sababu alitaka iwe kweli.

Jumatatu alilirudisha gari yadi. Alilirudisha kinyumenyume, mji mzima, shingo imekakamaa. Hata asubuhi sasa halikukubali kwenda mbele. Alikuwa amejipanga kwa hotuba kali, lakini alipofika langoni ilimwishia mdomoni. Nje ya yadi magari aliyoyatibu Ijumaa, sasa teksi, yalikuwa yamepangwa, marefu kama msafara wa msiba, yote macho ya njano yenye vumbi. Mwenye teksi ndiyo kwanza alikuwa anatoka ofisini, uso umemvimba.

"Mpaka Jumamosi!" alifoka kuelekea ndani. "Taa zote ziwe safi, au uyachukue magari yako yote!"

Alipita bila kumtazama Daktari. Mama Magari alitokea nyuma yake, miwani mkononi.

"Mama," alianza Daktari, "umenitapeli."

"Karibu, Daktari. Naona umetanguliza mgongo."

"Gari halina gia ya mbele!"

"Linayo likiwa la baridi. Au lilikuwa nayo. Likipata joto, gia zinayeyuka." Alikaa kwenye kiti chake bila haraka. "Na taa zako nazo zilikuwa nzuri zikiwa za baridi. Jua lilipopanda, zikayeyuka. Uliniletea taa za asubuhi, nikakupa gari la asubuhi. Nani kamtapeli nani?"

Daktari aliliegemea gari lake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipokata kona pale. Nilifungua mtandio, nikaiacha taa juani. Kufikia mchana ilikuwa njano kuliko mwanzo. Nikainusa, nikaifunga tena. Nina wajukuu, Daktari, mafuta ya mbu nayajua. Na nikushukuru: tangu siku ile hapa ofisini mbu sijamwona."

"Basi kwa nini ulinyamaza?"

"Nilihitaji asubuhi moja tu. Mwenye teksi aje, aone, alipe, aondoke." Aliziangalia zile teksi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza unene. "Sikujua kama ana tabia ya kurudi."

Kila mmoja aliuguza lake. Daktari ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Lakini zile taa za gari jeupe nilizisugua. Nilizinusa! Zilikuwa za kweli!"

Mama Magari alimnyooshea mikono. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka, kucha zimeliwa.

"Msasa na maji, kisha polishi, kisha vanishi. Nilisugua mwenyewe, nikitukana. Nilijua utakagua hapo na hutakagua kwingine. Kila mtu hukagua pale anapoibia wenzake." Akavaa miwani, akatabasamu. "Na taa hazisemi uongo. Uliniambia mwenyewe."

Katika maisha yake yote ya udaktari, hakuna kitu kilichomuumiza Daktari kama hicho. Kutapeliwa kwa uongo angevumilia. Alikuwa ametapeliwa kwa kazi ya haki.

Mama Magari alisogeza ndoo ya maji kwa mguu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya msasa.

"Nina giaboksi nyingine kwenye lile gari lililogongwa. Fundi wangu ataihamisha. Wewe unasugua teksi zote, kwa haki, mpaka Jumamosi. Au unaweza kwenda zako."

Alitazama lango. Kwa uzoefu wake, hapo ndipo huwa anaondoka. Lakini gari lake lilijua njia moja tu ya kwenda, nyuma, na kwa nyuma alikuwa ameliegesha ukutani. Halafu akamkumbuka mdogo wake na kile kiganja juu ya mlango. Alikunja mikono ya shati, akachuchumaa mbele ya teksi ya kwanza, akachovya msasa.

Taa moja tu ilimchukua asubuhi yote iliyobaki. Alisugua mpaka maji ya njano yakaacha kutoka, akang'arisha, akapuliza vanishi, akaketi kwenye kigogo akivipuliza vidole. Bila yeye kuona, jua lilifika utosini na kuikalia taa sawasawa. Aliruka, kwa mazoea, akashika mkoba wake. Saa hiyo siku zote huwa yuko mtaa mwingine. Hakuwahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja mchana.

Taa ilibaki wazi. Alisogea, akalamba kidole gumba, akasugua. Akasugua kwa nguvu zaidi. Ilikuwa ngumu, ya kweli, na ilikuwa yake. Aligeuka huku na huku akitafuta mtu wa kumwonyesha, akamkuta Mama Magari amesimama nyuma yake na karatasi laini mkononi. Mama aliinama, akaifuta taa, akaigeuza karatasi, akainusa. Akanusa tena.

"Haya," alisema. "Na hiyo ya upande wa pili."